Kwaya ya wasichana kwenye kanisa kuu la Uingereza: ni kwaya kamili au imewekwa pembeni tu?

Swali lililonifikia nalifupisha hivi. Dada mmoja anaishi kusini mwa Uingereza na mume wake na watoto, kwao Tanga. Binti yake ana miaka minane na nusu, mwalimu wa muziki shuleni kamwambia huyu mtoto ana sikio na sauti, mpeleke usaili wa kwaya ya wasichana ya kanisa kuu la hapo mjini. Mume anasita, amesikia kwamba kwaya yenyewe hasa ni ya wavulana, ya wasichana imeongezwa juzi juzi kuwaridhisha watu, kwaiyo mtoto ataumia bure. Bibi huko Tanga naye kasema mtoto atapotea kwenye nyimbo za kizungu. Dada anauliza: nani yuko sahihi, na je mtoto atamudu?

Dada, hongera kwanza kwa binti. Mi nimelelewa kwenye kwaya Muheza, kanisa letu ni lile la asili ya UMCA, ile misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, uvumba na kengele na Sala ya Jioni ikiimbwa, na hapa Uingereza nimefundisha kuimba miaka mingi, kwaiyo swali lako limenigusa na nitalijibu kwa urefu. Jibu fupi ni kwamba mume wako yuko sahihi kwa baadhi ya makanisa na hayuko sahihi kabisa kwa mengine, na kinachotofautisha ni ratiba. Sio sauti, sio majoho, sio picha zilizo kwenye tovuti yao. Ratiba ya mwezi inayosema Jumanne anaimba nani, Jumatano nani, Jumapili asubuhi nani, mkesha wa Krismasi nani. Ukiishika hiyo karatasi utajua kila kitu, na nitaeleza kwa nini.

Kule kwetu ukisema kwaya, mtu anaona Jumapili, sare mpya, kina mama na kina dada ndio wengi, sauti ya kwanza inajaa mpaka mlangoni, besi ni wanaume wanne watano wanaochelewa mazoezi. Kwaya bila kina dada haianzi. Kwenye makanisa makuu ya Uingereza mambo yalijengwa kinyume. Kwanza, kwaya haipo kwa ajili ya Jumapili tu, ipo kwa ajili ya kila siku, na ibada yao kubwa ni Sala ya Jioni, saa kumi na moja na nusu hivi, siku nyingi za wiki wakati shule zimefunguliwa, hata kama waliokuja kusali ni watu kumi na mbili na mtalii mmoja aliyekuwa anatafuta mahali pa kukaa. Nimekaa kwenye ibada hizo mara nyingi, mvua inanyesha nje, giza limeshaingia tangu saa kumi, watoto wanaingia kwa mstari kimya kimya na wanaimba kana kwamba kanisa limejaa. Hawaimbi kwa ajili ya watu waliopo. Ni zamu, ni wajibu, kama mtu anayewasha taa ya jioni. Hilo lielewe kwanza maana ndio moyo wa jambo lote.

Pili, sauti ya kwanza ilikuwa ya wavulana wadogo, na sauti tatu za chini, yaani alto, tenor na besi, ni wanaume watu wazima wanaolipwa. Wanakaa pande mbili wakitazamana, na zaburi inaimbwa kwa kupokezana, upande huu mstari mmoja, upande ule mstari unaofuata. Kwa utaratibu wa kitabu chao cha sala cha 1662, zaburi zote 150 zimegawanywa asubuhi na jioni kwa siku 30, kwaiyo kila mwezi unapoanza wanaanza upya, na kila mwanakwaya anaijua jioni ya tarehe 15 maana ni Zaburi ya 78, ndefu ajabu, peke yake inamaliza pumzi. Sio kila kanisa kuu linafuata mgawanyo huo kamili siku hizi lakini roho ya kazi ni hiyo hiyo.

Sasa, kwa nini wavulana tu? Watu watakwambia ni desturi ya miaka elfu. Kuna ukweli. Shule ya kanisa kuu la Salisbury inahesabu mwanzo wake 1091, ya St Paul's kule London 1123, na walioanza kufundishwa kuimba humo walikuwa wavulana kwa sababu makanisa hayo yaliendeshwa na mapadri, wote wanaume, na lile neno la Paulo kwa Wakorintho kuhusu wanawake kunyamaza katika kanisa lilichukuliwa kama lilivyo. Lakini naomba mume wako asikie na upande wa pili. Desturi hiyo ilishawahi kukatika kabisa. Miaka ya 1640, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, upande wa Bunge ulizifunga kwaya za makanisa makuu na vinanda vingi vikavunjwa, na mpaka mfalme aliporudi 1660 hakukuwa na kuimba. Walianza upya na watoto wasiojua kitu. Kwaiyo kwaya hizi zimeshajengwa upya mara moja, na zilisimama.

Alafu kuna jambo ambalo linanigusa zaidi kila nikilifikiria. Wanawake waliimba zaburi hizi hizi Uingereza kwa mamia ya miaka, ila waliimba kwenye nyumba zao za watawa. Kilomita chache kutoka Salisbury kuna Wilton, palikuwa na abasia kubwa ya watawa wa kike, wakiimba zaburi mchana na usiku, mpaka Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa na ya Wilton ikafungwa 1539. Na Ely, kanisa lile refu linaloonekana kutoka mbali kwenye tambarare za mashariki, lilianzishwa na mwanamke, malkia Etheldreda, mwaka 673, akiwa abesi, yaani mkuu, wa nyumba yenye watawa wanaume na wanawake pamoja. Wasichana walipoanza kuimba Ely kama kwaya ya kanisa kuu mwaka 2006, wapo waliosema jambo jipya limeingia. Mi sikubaliani nao. Mahali pale sauti za kike zilikuwepo tangu mwanzo.

Mabadiliko yenyewe hayakuanza sehemu moja. St Davids kule Wales walishakuwa na wasichana miaka ya 1960, Leicester miaka ya 1970, na Edinburgh, kanisa kuu la St Mary la Waanglikana wa Scotland, waliwachanganya wasichana na wavulana kwenye kwaya moja tangu 1978. Ila kilichotikisa Uingereza ni Salisbury 1991. Mkurugenzi wao wa muziki Richard Seal, aliyekuwa pale tangu 1968, alianzisha kwaya ya wasichana ya kujitegemea, wanasoma shule ile ile ya kanisa kuu, wana mfuko wao wa fedha uliochangishwa kwa ajili yao, na waligawana ibada na wavulana. Oktoba 1991 wakaimba Sala ya Jioni. Ukipiga hesabu, shule ilikuwa imetimiza miaka 900 mwaka ule ule.

Ona alichofanya Seal, maana hapa ndipo jibu lako lilipo. Hakuwachanganya watoto. Hakuwapunguza wavulana pia. Alijenga mstari wa pili wa sauti ya kwanza, wanaume wa chini ni wale wale, kinanda kile kile cha mabomba kilichojengwa na Henry Willis 1877, nyimbo zile zile, alafu siku zikagawanywa. Wasichana hawakuitwa kuja kupamba sherehe, walipewa Jumanne ya mvua yenye watu kumi na mbili. Kwangu mi hiyo ndio heshima yenyewe.

Baada ya hapo milango ikafunguka haraka. Wells na Exeter 1994, Norwich na Lincoln 1995, York 1997, Winchester 1999. Utaona miaka hiyo inaenda sambamba na Kanisa la Uingereza kuwapa wanawake upadri kwa mara ya kwanza, 1994, na sidhani ni bahati tu, swali lilikuwa moja limeulizwa kwenye vyumba viwili. Canterbury wenyewe, kanisa mama la Waanglikana wote pamoja na sisi wa Muheza na Zanzibar na Nairobi, walisubiri mpaka Januari 2014 ndipo wasichana wakaimba ibada ya kwanza. St Paul's wakachelewa zaidi, walimpokea mwanamke wa kwanza kwenye zile sauti za watu wazima 2017, anaitwa Carris Jones, anaimba alto, na wasichana wa kwanza wakawa wanakwaya kamili 2024. Wakati huo nchi nzima ilishageuka, 2018 iliripotiwa kwamba wasichana wanaoimba kwenye makanisa makuu wamewazidi wavulana, kidogo tu, lakini wamewazidi.

Upinzani ulikuwepo, na sio wote waliopinga walikuwa na roho mbaya, naomba niwatendee haki. 1996 kiliundwa chama kabisa cha kutetea kwaya za jadi za wavulana na wanaume. Hofu yao kubwa ilikuwa hii: mvulana wa miaka tisa akiona kuimba ni kazi ya wasichana anaondoka, na akiondoka leo, miaka 15 ijayo hakuna tenor wala besi. Mtu yeyote aliyefundisha kwaya ya watoto anajua hofu hiyo ni ya kweli, hata kwetu, kwaya ya watoto ikichanganywa bila uangalifu wavulana wanayeyuka mmoja mmoja mpaka unabaki na wawili waliolazimishwa na mama zao. Ndio maana makanisa mengi yalifuata njia ya Salisbury ya kwaya mbili sambamba badala ya kuchanganya. Na kwa familia ikaleta nafuu ambayo haikutarajiwa: zamani mvulana aliimba karibu kila siku, sasa anaimba nusu, anapata jioni za kucheza mpira na kufanya homuweki. Kwaiyo kuja kwa dada zao kuliwapunguzia mzigo.

Hofu ya pili ilikuwa ya sauti. Walisema sauti ya mvulana ina kitu fulani, ina ukali safi kama glasi, na msichana hawezi kuwa nao. Hili lilipimwa. Watafiti David Howard na Graham Welch walifanya kazi na kwaya ya Wells, wakarekodi nyimbo zile zile zikiimbwa na wasichana kisha wavulana, wanaume wa chini wale wale, kanisa lile lile, wakawapa watu wasikilize waseme ni nani anaimba. Watu walipatia zaidi kidogo ya kubahatisha, na wimbo wenyewe uliathiri majibu, kuna wimbo ambao wengi waliwasikia wasichana wakadhani ni wavulana. Maana yake kinachofanya ile sauti sio jinsia peke yake, ni mafunzo ya kila siku, ni jengo la mawe linalorudisha mwangwi mpaka lazima uimbe wazi bila kutetemesha sauti, na ni kuimba karibu na watu wanaojua. Mtoto yeyote mwenye sikio akilelewa humo anaipata sauti ya humo.

Tofauti huja baadaye, na hapa nisikilize vizuri maana inamhusu binti. Mvulana akibalehe zoloto linakua ghafla na sauti inaanguka octava nzima, kazi yake ya sauti ya kwanza inaisha, labda na miaka 13, siku hizi mapema zaidi ya zamani. Msichana pia sauti inabadilika, watu wengi hawajui, ila inashuka kidogo tu, nota mbili tatu, na kwa mwaka mmoja miwili inakuwa na hewa hewa, nota za juu zinakataa, anachoka haraka. Sio ugonjwa na hajapoteza kipaji. Mwalimu mzuri atampumzisha, atampa mstari wa chini kwa muda, hatamlazimisha. Ukikutana na mwalimu anayesema wasichana hawana mabadiliko ya sauti, toa mwanao pale.

Kwa sababu hiyo makanisa yamechagua umri tofauti. Salisbury wasichana ni miaka 8 mpaka 13, sawa na wavulana. Canterbury na Ely walianza na wasichana wakubwa, wa sekondari, sauti iliyokomaa zaidi, nzito kidogo, wanaweza kuimba vitu vizito. Sio kwamba moja ni bora. Ila kwa mtoto wa miaka minane na nusu swali la kwanza la kuuliza ni hilo, maana inawezekana kanisa kuu la mjini kwenu linachukua kuanzia miaka 11 na safari ya usaili itakuwa bure. Hukuniambia ni kanisa gani kwaiyo siwezi kukuamulia.

Kabla sijaja kwenye ratiba naomba nikae kidogo kwenye wimbo mmoja, maana ndio sababu hasa jambo hili lilinishika. Kila Sala ya Jioni, kila siku, wanaimba Wimbo wa Mariamu, ule wa Luka sura ya kwanza, wewe unaujua kwa moyo, Moyo wangu wamwadhimisha Bwana. Watunzi wengi wakubwa wa Uingereza wameuandikia muziki, kuanzia Byrd na Gibbons mpaka Stanford na Howells, na kanisa kuu moja linaweza kuwa na tuni kadhaa wa kadhaa linazozungusha mwaka mzima. Sasa fikiria. Haya ni maneno ya binti. Binti mdogo wa Nazareti, ana mimba, yuko nyumbani kwa ndugu yake mlimani, anasema Mungu ameutazama unyonge wa mjakazi wake, anasema amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi na wanyonge amewakweza. Na kwa karne zote hizo, ndani ya makanisa makuu, aliyeruhusiwa kuyaimba ni mtoto wa kiume. Stanford ana tuni moja, ile ya G, mvulana mmoja anaimba peke yake juu kabisa na kinanda chini yake kinazunguka zunguka bila kupumzika, wanasema ni gurudumu la Mariamu la kusokotea nyuzi, anasokota huku anaimba. Ni muziki mzuri sana. Nimeusikia ukiimbwa na wavulana na nikatulia. Alafu siku moja nikausikia umeimbwa na msichana wa miaka kama 12, uso haukuwa na maonyesho yoyote, macho kwa mwalimu, na aliposema vizazi vyote wataniita mbarikiwa, nilielewa hiyo "mimi" ni ya nani. Sijawahi kuusikia tena kama mwanzo. Siwadharau wavulana hata kidogo, nasema tu kwamba wimbo ule ulikuwa na mwenyewe.

Haya, ratiba. Omba ratiba ya muziki ya mwezi, makanisa mengi huibandika mlangoni au kwenye tovuti, inaonyesha kila ibada, nyimbo zake na nani anaimba. Kaa chini na kalamu. Hesabu Sala za Jioni za wavulana, hesabu za wasichana. Kama wavulana wana siku nne na wasichana wana Jumatatu peke yake, mume wako kapatia kuhusu kanisa hilo, sema hivyo bila kuona aibu. Nimewahi kulijua kanisa, silitaji, wasichana waliimba siku moja kwa wiki kwa miaka mingi, alafu wakubwa wakawa wanashangaa mbona wasichana wanasoma nota polepole kuliko wavulana. Watasomaje haraka na mazoezi ni robo? Walilaumu watoto kwa kosa la ratiba, na iliniuma, kwa sababu wale watoto waliamini.

Ukimaliza kuhesabu siku, angalia sikukuu. Nani anaimba mkesha wa Krismasi, nani asubuhi ya Krismasi, nani Pasaka. Mahali penye usawa wanabadilishana, mwaka huu hawa mwaka kesho wale. Angalia na nyimbo zenyewe: kama wavulana wamepewa Byrd na Howells na wasichana kila wiki wanaimba vitu vyepesi vya sauti moja, bado kazi haijagawanywa. Uliza kama wasichana wanaimba pamoja na wale wanaume wa sauti za chini au wanaachwa wenyewe na kinanda. Na uliza fedha, ufadhili wa ada kwa msichana ni sawa na wa mvulana au mfuko wa wavulana ni wa tangu enzi na wa wasichana bado unachangishwa? Hilo ndio pengo linalochelewa kuliko yote kuzibwa, maana mifuko ya zamani iliachwa na watu waliokufa wakiandika wavulana. Uliza bila woga, sio utovu wa adabu, wazazi wenyeji wanauliza hayo hayo.

Kuhusu ada. Baadhi ya kwaya zimefungamana na shule ya binafsi ya kanisa kuu, na mtoto akichukuliwa kwenye kwaya anapata ufadhili wa sehemu ya ada, na familia ya kipato kidogo inaweza kuongezewa. Sasa tangu Januari 2025 ada za shule binafsi zinatozwa VAT ya asilimia 20 kwaiyo omba hesabu kamili kwa maandishi, kitakachobaki mlipe nyie ni kiasi gani, kabla mtoto hajaanza kuipenda shule. Lakini sio kila kanisa kuu liko hivyo. Leicester, Sheffield, Bradford na mengine ya mijini yanachukua watoto kutoka shule za kawaida za serikali, mazoezi baada ya masomo, na huko nimeona watoto wenye sura na majina kama ya binti yako wengi zaidi. Usidhani kwaya ya kanisa kuu lazima iwe na bweni na ada kubwa.

Atamudu? Miaka minane ni umri mzuri. Usaili wenyewe hautishi, wataomba aimbe wimbo mmoja anaoupenda, watapiga nota mbili tatu kwenye piano aimbe ya katikati, atapiga makofi kwa kufuatisha mdundo, atasoma maneno machache kwa sauti maana kusoma haraka ni nusu ya kazi. Hawatafuti mtoto aliyekamilika, wanatafuta sikio, uchangamfu na mtoto anayesahihishika. Kama anajua solfa mliyomfundisha nyumbani, do re mi, hiyo ni hazina, asiione haya. Nota za mistari atafundishwa. Akichukuliwa ataanza kama mwanafunzi wa kwaya kwa mwaka hivi, anakaa katikati ya wakubwa, anageuza kurasa, anaimba anachoweza, na dada wa miaka 12 pembeni yake anamwonyesha kwa kidole wamefika wapi. Ndivyo wanavyofundishana, zaidi ya mwalimu, na ni utaratibu wa zamani sana ambao wasichana wameuchukua wakaufanya wao.

Uchovu upo, siwezi kukudanganya. Mazoezi asubuhi kabla ya darasa, ibada jioni, Jumapili inaliwa, na Krismasi yenu mtailia kanisani maana watoto wanafanya kazi mpaka mchana wa tarehe 25. Kama mna ndugu wa kuwatembelea kila wikiendi mtakosana nao. Akiwa na siku tatu za ibada kwa wiki mtoto wa kawaida anamudu, na kichwa chake kinafunguka kwenye masomo mengine, hilo nimeliona kwa macho. Ila kama baada ya muhula wa pili analia Jumapili jioni, mtoe, hakuna sakramenti imevunjwa.

Na mbele yake sasa kuna njia, pana kuliko ile ya msichana wa 1990. Vyuo vingi vya Cambridge na Oxford vina kwaya za mchanganyiko, na St John's ya Cambridge, iliyokuwa ya wavulana na wanaume kwa muda mrefu, ilifungua mlango kwa wasichana na wanawake 2022. Wanawake wanaongoza pia, Katherine Dienes-Williams alichukua muziki wote wa kanisa kuu la Guildford 2008, na Sarah MacDonald aliichukua kwaya ya wasichana ya Ely 2010. Mwanamke akisimama mbele anaonyesha mdundo, watoto hawashangai tena.

Bibi wa Tanga sasa, na shikamoo yake umfikishie. Mwambie mtoto hatapotea. Zaburi ni zile zile. Lile kanisa la Mkunazini, Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na makanisa yetu ya Muheza na Magila, yalipokea Sala ya Jioni hii hii, tukaitia kwenye Kiswahili na kwenye sauti zetu, na kwetu mi sijawahi kusikia mwanamke akiambiwa hii sio yako. Kwa hilo sisi tuliwatangulia. Naomba bibi afanye kazi moja: amfundishe mjukuu Wimbo wa Mariamu kwa Kiswahili kwa simu, mistari miwili kila jioni, na ule wa Simeoni unaoufuata, Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani. Siku mtoto akipewa kitabu chenye Kiingereza cha 1662 kilichojaa maneno magumu, atakuwa tayari anajua Mariamu anasema nini.

Kabla ya usaili mpeleke asikilize, ni bure, fikeni dakika kumi na tano mapema na muombe kukaa mbele karibu na viti vya kwaya, wanaruhusu. Nendeni siku ya wasichana, na siku nyingine ya wavulana, baba yake naye awepo siku zote mbili. Na ukishaipata ile ratiba ya mwezi piga picha unitumie, tuhesabu wote.